UZI: Nabonyeza chini, shata inashuka, inagusa sakafu, halafu inaanza kupanda. Limiti (kisimamishi cha juu na chini) imekufa ama nini?

Duka_Kondele (mwanzishaji)

Hamjambo wote. Nina duka la mbegu na dawa za mifugo hapa Kondele, Kisumu, upande wa barabara ya Kakamega. Shata yangu, yaani mlango wa chuma unaojikunja juu, ni ya mita 3 kwa mita 2.7, mota iko ndani ya paipu, inaendeshwa na rimoti na swichi ya ukutani. Imenitumikia miaka minne bila neno.

Wiki tatu zilizopita ilianza kusimama kabla ya kufika sakafuni, ikibakisha upana wa kiganja. Fundi aliyeifunga hashiki simu. Nikaita mwingine, akapanda ngazi, akafungua kifuniko, akazungusha skrubu, dakika kumi amemaliza, nikamlipa. Baada ya siku nne pengo likarudi. Akaja, akazungusha tena, nikamlipa tena.

Jana jioni ndiyo nimeona jambo la kunitisha. Nimebonyeza chini, mlango umeshuka vizuri, ukagusa sakafu, na mota haikusimama. Slati, yaani vile vibati vinavyounda mlango, zikaanza kugongana kule juu kwenye boksi, kishindo cha sufuria zikiporomoka kabatini, halafu ule upau wa chini ukainuka. Kidole changu bado kiko kwenye chini na mlango unapanda! Nikakimbilia breka nikazima. Sasa imekwama kwa urefu wa goti. Usiku nililala humo dukani na mlinzi.

Naomba msaada wa anayejua. Hapa kwetu siku ya maandamano mlango unatakiwa ufungwe kwa nusu dakika. Siwezi kuishi na shata ambayo siiamini.

Milimani_Kwetu

Pole sana mama. Kwenye kichwa cha mota kuna skrubu mbili, nyekundu na njano. Nyekundu ni ya juu, njano ni ya chini. Rudisha ile ya chini mizunguko kadhaa kuelekea alama ya kutoa (−) na itasimama. Ukiwa na drili ya betri utamaliza haraka.

FundiShata_Nakuru

Mama Kondele, pole. Kabla hujagusa skrubu yoyote naomba unijibu swali moja, kwa sababu jibu lake ndilo litasema kama kazi ni ya skrubu ama si ya skrubu. Katika siku zile mlango ulipokuwa hauifikii sakafu, *juu* ulikuwa unasimama wapi? Palepale pa siku zote?

Na ndugu Milimani, nakuomba samahani lakini hayo mawili yasifuatwe. Rangi haisemi juu wala chini. Kila skrubu ina mshale kando yake, na mshale ule unaonyesha upande ambao paipu inazunguka. Mota ikifungwa mkono wa kulia wa mlango, skrubu fulani inakuwa ya kushuka. Mota hiyohiyo ikifungwa mkono wa kushoto, skrubu ileile inakuwa ya kupanda. Nimeshaitwa mara nyingi mahali mtu ameamini rangi, akaongeza juu akidhani anaongeza chini, mlango ukapanda ukaingia wote ndani ya boksi. Na drili hapana kabisa. Nyuma ya skrubu ile kuna gia ndogo za plastiki, drili inazisaga kabla hujasikia chochote mkononi. Tumia kile kijiti cha plastiki kilichokuja na mota, au alenki (ufunguo wa pembe sita) ya mkono.

Duka_Kondele

Fundi, umenifanya nikumbuke. Ni kweli, wiki ile ile juu ilikuwa inagonga. Zamani ilikuwa inasimama ikiacha upau wa chini umening'inia kidogo chini ya lenta (boriti ya juu ya mlango). Wiki hiyo upau ukawa unapiga zile pembe za chuma za kuuzuia, mota inanguruma mpaka nibonyeze stop mwenyewe. Sikumwambia yule fundi kwa sababu niliona ni tatizo lingine.

FundiShata_Nakuru

Si tatizo lingine. Ni hilohilo, na umelieleza vizuri kuliko wateja wangu wengi.

Niruhusu niandike kwa urefu, kwa sababu hapa ndipo watu wanapoteza pesa.

Mota ya ndani ya paipu haioni sakafu. Haijui lenta iko wapi. Inahesabu mizunguko tu. Kwenye kichwa chake, upande wa ukutani, kuna ringi ya plastiki. Ringi hiyo imeshikana na paipu, paipu ikizunguka nayo inazunguka, na mzunguko wake unaingia kwenye gia za limiti. Hesabu ikifika pale ulipoweka kwa skrubu, swichi ndogo ndani inakata stima. Basi. Kila kitu kinategemea ringi na paipu kwenda pamoja kama miguu ya mtu mmoja.

Sasa fikiria ringi imelegea. Unapandisha mlango, paipu inazunguka, ringi inateleza, inachelewa. Kwa hesabu ya mota bado hujafika juu, kwa hiyo inaendelea kuvuta: upau unagonga pembe. Ukianza kushusha kutoka hapo, hesabu ya chini inatimia mapema, mlango ukiwa bado hewani. Juu umepitiliza, chini umepungukiwa. Ncha zote mbili zimesogea kuelekea upande mmoja. Skrubu hazisogei hivyo. Skrubu mbili ni vitu viwili tofauti, haziwezi kukubaliana kuhama pamoja siku moja.

Hicho ndicho kipimo changu na sijawahi kukijutia. Ncha moja ikihama, angalia limiti au sakafu. Ncha zote mbili zikihama upande mmoja, hesabu imeteleza, usiguse skrubu.

Kuna na jambo la pili ambalo linachanganya macho. Mtelezo uleule hauonekani sawa juu na chini. Paipu ya inchi 4, mlango ukiwa karibu wote umeshuka, mzunguko mmoja unatoa kama sentimita 32 za shata. Mlango ukiwa juu, slati zimejikunja juu ya nyingine, bunda lote linafika kama inchi 10 kwa upana wake, na mzunguko mmoja hapo unavuta karibu sentimita 80. Kwa hiyo kiganja kimoja ulichokosa chini ni viganja viwili na nusu juu. Ndiyo maana juu ilikuwa inagonga kwa nguvu vile. Na ndiyo maana ukirekebisha, skrubu ya juu uiguse kwa adabu: robo ya mzunguko pale ni safari ndefu.

Kuhusu jana: naamini ringi sasa imeacha kuzunguka kabisa. Hesabu haisogei. Mlango umefika chini, paipu imeendelea, imemaliza kuachilia slati zote, kisha imeanza kuzikunja upya kwa nyuma. Ndiyo maana ulibonyeza chini ukaona mlango unapanda.

Bungoma_Stendi

Mimi yangu ni ile ya mota ya pembeni yenye cheni, stoo ya mahindi. Mwezi uliopita tulitoa cheni kubadilisha beringi, tukarudisha, na tangu hapo juu na chini zote zimehama. Nayo ni ringi?

FundiShata_Nakuru

Hapana ndugu, yako haina ringi ile, lakini ugonjwa ni wa ukoo mmoja. Kwenye mota ya pembeni kuna kijisanduku cha limiti: fimbo yenye nyuzi kama za skrubu, na nati mbili zinazotembea juu yake zikigusa swichi mbili ndogo. Fimbo inazungushwa na mota. Cheni ikiwa imetolewa, mlango ukishuka hata kidogo, au mtu akiizungusha mota akiijaribu, hesabu na mlango vimeachana. Ukivuta ile cheni ya mkono wakati stima imepotea hakuna shida, kwa maana fimbo nayo inatembea.

Dawa yako ni rahisi kuliko ya mama. Zima breka, fungua kifuniko cha kijisanduku, sukuma kibati kinachozuia nati, izungushe nati kidogo, achia kibati kirudi kwenye mkato wake mpaka uone kimeingia, jaribu. Hakikisha kimeingia. Kisipoingia, nati inatembea yenyewe na wiki ijayo uko hapa tena.

Duka_Kondele

Nimeelewa. Sasa usiku wa leo nafungaje? Bado iko kwenye goti.

FundiShata_Nakuru

Uwe na mtu mzima wa pili. Watoto wasiwe karibu, na hakuna anayepita chini ya mlango hata kama uko chini kiasi gani. Fungua kifuniko cha boksi breka ikiwa imezimwa, uangalie kama kuna slati imekunjika au imetoka kwenye reli. Ikiwa imetoka, simama hapo, ita fundi.

Kama zimenyooka, washa. Tumia swichi ya ukutani, si rimoti, kwa sababu swichi unaachia na inakata papo hapo. Bonyeza *juu*, sekunde moja, achia. Usishtuke: mlango utashuka kwanza, kwa sababu unafungua ule mkunjo wa kinyume. Mwenzako aangalie boksi kwa mbali, mikono mfukoni. Endelea kidogo kidogo mpaka upau ulale sakafuni na slati za juu zining'inie wima. Hapo zima breka na usiiguse mpaka kesho. Kisha upitishe kufuli za pembeni kama zipo.

Ukibonyeza sana mota ikanyamaza kabisa usiseme imeungua. Hizi za ndani ya paipu nyingi zimetengenezwa kufanya kazi kama dakika 4 mfululizo, zikipata joto zinajikata zenyewe. Ipe nusu saa ipoe, hasa kwa joto la Kisumu.

Duka_Kondele

Imeshuka. Nilibonyeza juu mara tisa. Mara ya kwanza mwili ulinisisimka kuona unashuka kweli kama ulivyosema. Sasa umelala sakafuni, kufuli zimeingia. Mungu akubariki fundi. Leo nalala nyumbani.

Kakamega_Mjini

Nauliza mkiwa bado mnazungumza. Yangu juu inasimama sawa kabisa, chini ndiyo inabana, slati zinajikunja kidogo na mota inanung'unika. Ilianza baada ya kuweka tailizi mlangoni.

FundiShata_Nakuru

Umejijibu, ndugu. Ncha moja, na ni sakafu iliyohama, si mota. Tailizi na simenti yake ni sentimita 2 au 3. Tafuta skrubu ambayo mshale wake unafuata paipu inavyozunguka wakati wa kushuka, pandisha mlango mpaka katikati, rudisha skrubu kidogo kuelekea alama ya kutoa, shusha utazame. Usizungushe skrubu mlango ukiwa umebana sakafuni. Unataka isimame slati zikiwa zimekaa juu ya nyingine na upau umegusa tu, bila kusukuma.

Kakamega_Mjini

Asante. Na je, nikifunga swichi ya pili huko nyuma stoo, ili mke wangu afunge akiwa ndani?

FundiShata_Nakuru

Usiunganishe swichi mbili kwenye mota moja hivi hivi. Mota hizi zina nyaya nne: ya bluu ni nyutro, ya kijani na manjano ni ya ardhini, na mbili zilizobaki, nyingi huwa nyeusi na kahawia, moja ni ya kupanda na nyingine ya kushuka. Mmoja akibonyeza juu na mwingine chini kwa wakati mmoja, nyaya zote mbili zinapata volti 240 na mota inaungua. Kuna boksi la kudhibiti linaloruhusu amri moja tu kwa wakati mmoja. Funga hilo, na alifunge fundi wa stima mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati.

Mumias_Road

Naongeza jambo moja kwa wanaotaka kununua. Ulizeni kama mota ina njia ya kuiendesha kwa mkono stima ikipotea. Lile giza la nchi nzima la tarehe 25 Agosti 2023 lilinikuta na shata iko juu, mota ya paipu isiyo na mkono. Ilikuwa Ijumaa usiku. Tulikaa na vijana wangu kwenye viti mlangoni mpaka stima iliporudi. Sitasahau usiku ule.

FundiShata_Nakuru

Kweli kabisa ndugu Mumias. Mteja akiniambia anataka ya bei nafuu isiyo na mkono, namkatalia.

Mama Kondele, kesho mchana fundi akija, kabla hajafanya chochote afanye hivi mbele yako. Achukue chaki. Breka imezimwa, kifuniko kimefunguliwa, apige mstari mmoja mweupe unaoanza kwenye ringi na kuvuka mpaka kwenye paipu. Kisha ashuke ngazi, uwashe, uendeshe mlango nusu mita juu, usiurudishe. Zima, atazame. Mstari ukiwa bado umenyooka, mimi nimekosea na nitakuomba radhi hapa. Ukivunjika, nusu iko hapa na nusu iko pale, basi amekwisha kuona kwa macho.

Duka_Kondele

Nimerudi. Nimempata kijana wa jua kali kutoka Kibuye, mpole, alikubali kusoma uzi huu wote kwenye simu yangu kabla ya kupanda ngazi. Akapiga mstari wa chaki. Tukaendesha nusu mita juu, tukazima.

Sehemu ya mstari iliyo kwenye paipu ilikuwa imekwenda upande wa ukuta kabisa, huwezi kuiona bila kuinama. Ile ya kwenye ringi haikusogea hata kidogo. Ilibaki palepale ilipoandikwa.

Akatoa paipu kwenye kibebeo, sisi wawili tukiishikilia na jirani wa duka la simu. Ringi ina kijino kinachoingia kwenye mkato wa paipu. Kijino kimelika mpaka kimebaki kama ukucha. Upande mmoja kuna ufa, na ndani ya ufa kuna vumbi la plastiki jeupe kama unga.

FundiShata_Nakuru

Hapo ndipo penyewe. Sasa asije akaibandika kwa gundi. Atafute ringi mpya ya mota ya kipenyo hichohicho na paipu hiyohiyo, aende nayo ya zamani mkononi. Akiirudisha, asukume mota mpaka kijino kikae chote ndani ya mkato, pasibaki nafasi. Na kule mwisho wa mota, skrubu za kushika paipu ziingie kwenye gurudumu la kuendesha tu. Apime kwa tepu kutoka ukingo wa paipu na kuweka alama kwa nje. Skrubu ndefu ikiingia kwenye mwili wa mota imeiua.

Halafu limiti zote mbili zianze upya, kwa sababu yule wa kwanza alishaongeza mara mbili juu ya hesabu iliyoharibika. Aanze kwa kurudisha ya chini kuelekea kutoa, asimamishe mlango ukiwa mbali na sakafu, kisha aongeze kidogo kidogo akiishukia. Ni bora kuifikia sakafu kutoka juu kuliko kuikimbia ukiwa umeshaigonga. Juu aache kama sentimita 5 kabla ya pembe. Zile pembe ni za siku limiti inapokufa, hazipaswi kupigwa kila jioni.

Milimani_Kwetu

Fundi nimejifunza. Nimepanda kuangalia yangu, mota iko kushoto, na kwa mishale nyekundu ndiyo ya chini. Ningeharibu.

Duka_Kondele

Ringi mpya tumeipata leo asubuhi, duka la pili tulilouliza. Kijana ameifunga, ameweka limiti kwa mkono, mota ikajikata mara moja katikati ya kazi kama ulivyosema, tukanywa chai mpaka ikapoa, tukaendelea. Nimempa malipo ya siku nzima, kwa kuwa ndiye wa kwanza kutafuta chanzo.

Chini inagusa na kunyamaza. Juu inaacha vidole vitatu. Nimemwambia asifute chaki. Amepiga mstari mpya kwenye ringi na paipu, na nimeomba kifuniko kifungwe kwa skrubu mbili tu ili niweze kukifungua mwenyewe kila mwisho wa mwezi nikatazame kama bado umenyooka.

Bungoma_Stendi

Yangu nayo imekaa sawa. Kibati kilikuwa hakijaingia kwenye mkato.